Nguo Zilizoanikwa Katika Magofu ya Roma

Mazungumzo ya leo ni ya picha, na kwa kuwa redio haina namna ya kuzionyesha, nitazisimulia polepole nanyi mzichore wenyewe akilini.

Tuseme umeingia katika jengo refu la mawe, la kale mno. Juu yako kuna dari ya tao, mfano wa pipa lililopasuliwa nusu na kulazwa kifudifudi, nayo imebomoka katikati. Kwenye tundu hilo mwanga wa mchana unamiminika mpaka sakafuni, na kandokando yake pameota majani. Nguzo za upande mmoja zimesimama, za upande wa pili zimeanguka na kukatikakatika. Hapa uliposimama ni giza; kule mwisho wa ukumbi kuna weupe wa jua. Mwanzoni unaona ukubwa na uchakavu, basi. Jicho likishazoea, unagundua mle ndani wamo watu. Mwanamke ameinama kwenye birika la mawe anafua. Mwenziwe amefunga kamba kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mkono wa sanamu ya mkuu fulani wa Kirumi, na juu ya kamba hiyo ameanika shuka. Mtoto anacheza na mbwa. Mzee amekalia kipande cha nguzo iliyoanguka, anakula mkate. Hakuna hata mmoja anayeinua macho kuitazama dari.

Picha za namna hiyo zilichorwa kwa mamia na Mfaransa mmoja, Hubert Robert, aliyezaliwa Paris mwaka 1733 na kufariki hukohuko mwaka 1808. Watu wa zama zake walimpachika jina la Robert wa Magofu. Si yeye peke yake aliyechora magofu ya Kirumi katika karne ya 18, lakini simjui mwingine aliyeyajaza maisha ya watu kama yeye. Picha hizi husifiwa kwa huzuni yake. Mimi nadhani huzuni hiyo imetiwa chumvi. Ukizitazama kwa subira, utaona zinawahusu wafuaji nguo kuliko zinavyowahusu wafalme waliojenga.

Baba yake Robert alikuwa mtumishi katika nyumba ya kina Stainville, ukoo wa makabaila, na bahati ya kijana ilitokea huko. Mwaka 1754 mtoto wa nyumba hiyo, ambaye baadaye alijulikana kama Choiseul na kuwa waziri mkubwa wa Mfalme Louis wa 15, alipelekwa Roma kuwa balozi kwa Papa. Akamchukua Robert, mwenye miaka 21, katika msafara wake. Robert hakuwa ameshinda yale mashindano yaliyowapa wachoraji wa Kifaransa nafasi ya kusoma katika Akademi yao mjini Roma. Ni kwa mkono wa balozi kwamba alipata malazi pale. Akakaa Italia miaka 11.

Roma aliyoikuta haikuwa hii ya leo yenye tiketi, kamba za kuzuia watu na vibao vya maelezo. Uwanja mashuhuri wa kale, ambapo wakuu wa dola walihutubia umma, ulikuwa umefukiwa na udongo na kifusi cha karne nyingi. Wenyeji waliuita Campo Vaccino, uwanja wa ng'ombe, maana ndipo lilipokuwa soko la mifugo. Tao la ushindi la Mfalme Septimius Severus lilikuwa limezama ardhini, sehemu ya chini yote haionekani. Nguzo za baadhi ya mahekalu zilitokeza vichwa tu juu ya majani, na ng'ombe walijipumzisha kwenye vivuli vyake. Marumaru iliyoanguka ilikuwa ikichomwa chokaa tangu zama za kati. Kufa kufaana. Kwa hiyo yule mfuaji na kamba yake hakuwa pambo lililobuniwa ili kuipa picha uhai. Ndivyo mji ulivyokuwa ukiishi. Kijana kutoka Paris aliyesoma habari za Roma vitabuni alishuka garini akakuta ukubwa wote ule umekuwa zizi, ghala na mahali pa kuanika nguo, na hakuchukizwa. Alikaa chini akaanza kuchora.

Alikuwa na walimu wawili wakubwa, ingawa hakuna aliyemfundisha kwa daftari la mahudhurio. Mmoja ni Giovanni Paolo Panini, mzee aliyefundisha katika Akademi ile elimu ya kuonyesha umbali na kina katika picha. Panini alikuwa bingwa wa kukusanya majengo ya Kirumi yaliyo mbalimbali na kuyapanga pamoja katika picha moja, kama kwamba yote yalijengwa mtaa mmoja. Wa pili ni Giovanni Battista Piranesi, ambaye karakana yake ilikuwa karibu kabisa na Akademi. Piranesi alichora kwa kuchimba mistari kwenye mabamba ya shaba na kupiga chapa, na katika chapa zake magofu ni makubwa kupita kiasi, mazito, ya kutisha, watu wakiwa vijidudu chini yake. Robert aliuchukua ukubwa wa Piranesi na ustadi wa Panini. Kitisho alikiacha.

Alizungukazunguka na chaki nyekundu mkononi, mara nyingi pamoja na mwenzake Jean-Honoré Fragonard. Mwaka 1760 padri mmoja tajiri, Saint-Non, aliwakaribisha wakae naye Tivoli, katika bustani za Villa d'Este zilizokuwa zimeachwa zikamea hovyo. Mwaka huohuo Robert alishuka na Saint-Non hadi Napoli. Huko ndiko habari kubwa za wakati ule zilikotoka, kwa kuwa Herculaneum ilikuwa imeanza kufukuliwa mwaka 1738 na Pompeii mwaka 1748. Ulaya nzima ilisisimka kusikia kwamba chini ya majivu ya mlima Vesuvio kulikuwa na vyumba, masufuria, hata mikate. Kutoka hapo picha ya gofu haikuwa tena mandhari ya nyuma ya hadithi za watakatifu, kama ilivyokuwa kwa wachoraji wengi waliotangulia. Gofu lenyewe likawa ndilo habari.

Kuna ujanja mmoja wa karakana ambao unaeleza jinsi alivyoweza kuchora picha nyingi hivyo. Chaki nyekundu ni laini, hufutika kwa kuguswa. Robert na wenzake walikuwa wakilowesha karatasi nyingine kidogo, wanailaza juu ya mchoro na kuibana. Unga uliozidi huhamia kwenye karatasi ya pili, mchoro wa kwanza unatulia haufutiki tena, na msanii anabaki na nakala iliyogeuka, kulia kumekuwa kushoto. Aliporudi Paris mwaka 1765 alikuwa na shehena ya michoro hiyo, na aliichota kwa miaka 40 iliyobaki ya kazi yake. Nguzo moja aliyoichora ujanani ilizaa picha kadhaa, huku ikigeuzwa, ikisogezwa na kupewa majirani wapya. Mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun, aliyemfahamu vizuri, alisimulia kwamba Robert alimaliza picha kwa wepesi ule ambao wengine huandikia barua. Na ni kweli, wepesi huo ulimponza mara nyingine. Ziko picha zake ambazo zinaonyesha dhahiri kwamba alikuwa na haraka ya kulipwa.

Mwaka 1766 Akademi ya kifalme ya Paris ilimpokea kama mchoraji wa majengo. Picha aliyoipeleka inaonyesha bandari ya Ripetta, ile ya mtoni mjini Roma, yenye ngazi pana zilizopinda zikishuka hadi majini. Juu ya ngazi hizo Robert ameiweka Pantheon, hekalu maarufu la kuba, ambalo kwa kweli liko ndani ya mji, mbali na mto. Chini kuna mashua, mizigo, wapagazi. Mtu wa Roma angecheka kuiona Pantheon imehamia bandarini. Lakini msanii alikuwa na jambo la kusema, nalo ni kwamba jengo tukufu kuliko yote na gati la kushushia mapipa ya mvinyo vinaweza kukaa mlango mmoja bila kuvunjiana heshima.

Mwaka uliofuata, 1767, alionyesha picha nyingi katika maonyesho makubwa ya Louvre yaliyoitwa Salon, na hapo akakutana na msomaji wake mkali kuliko wote. Denis Diderot, mhariri wa ile ensaiklopedia kuu ya Kifaransa, alikuwa akiandika maoni yake juu ya maonyesho hayo katika jarida lililoandikwa kwa mkono na kupelekewa wafalme na malkia wachache wa nje. Alipozifikia picha za Robert alisimama muda mrefu. Mbele ya ukumbi mmoja wa magofu ulioangazwa kutoka mwisho wake, aliandika kurasa zinazosomwa hadi leo. Mawazo yake ni kwamba gofu hutukumbusha kuwa kila kitu hupita, na mtu akisimama kati ya wakati uliokwisha na wakati unaokuja huiona nafsi yake kuwa ndogo, na palepale anakuwa huru nayo. Kisha akamgeukia msanii na kumlaumu. Watu wamezidi, alisema. Angefuta robo tatu yao. Mahali pa ukiwa pabaki na ukiwa, labda mtu mmoja anayepita na kuwaza.

Msikilizaji aliyesoma utenzi wa Al-Inkishafi atakuwa ameshausikia mwangwi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliishi katika karne hiyohiyo, naye alizitazama nyumba za mawe za mabwana wa Pate, zilizokuwa zimejaa taa na kaure, zikiwa zimebaki popo na ndege na majani. Hakuna aliyemsoma mwenzake. Miji miwili iliyopanda na kushuka iliwafikisha mahali pamoja, halafu njia zikaachana. Mshairi wa Pate anauonya moyo wake uiache dunia uitazame Akhera. Diderot hakuwa mtu wa Akhera. Gofu lilimrudisha kwenye nafsi yake, kwenye upweke, kwenye hamu ya kukaa mahali tulivu na ampendaye. Wote wawili, hata hivyo, walihitaji jengo liwe tupu ndipo lizungumze.

Na hapo ndipo ninapomwacha Diderot na kukaa upande wa Robert. Diderot hakuwahi kufika Italia. Gofu kwake lilikuwa wazo, na wazo halihitaji maji ya kufulia. Robert alikuwa ameishi miaka 11 kati ya watu waliofungua macho kila asubuhi chini ya matao ya Kaisari na kuuliza kuni ziko wapi. Kumwambia awafute ilikuwa ni kumwambia afute kile alichokiona. Kwa bahati njema hakumsikiliza. Aliendelea kuwaweka, na wakati mwingine akaongeza. Ninapotazama picha hizi mimi hutafuta kwanza kamba ya nguo, kisha ndiyo natafuta nguzo, maana nguzo inanieleza aliyeondoka na kamba inanieleza aliyebaki.

Wakati huo matajiri wa Ufaransa walikuwa wameshikwa na shauku ya magofu kiasi kwamba wale wasiokuwa nayo waliyajenga. Huko Désert de Retz, magharibi mwa Paris, bwana mmoja aitwaye de Monville alijijengea nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1780 kwa umbo la nguzo kubwa mno iliyovunjika, yenye ghorofa na madirisha ndani yake, na ukuta wa juu umepasuliwa makusudi ili ionekane mabaki ya hekalu la majitu. Robert naye aliitwa kubuni bustani, akapewa hata cheo cha mbunifu wa bustani za mfalme. Bustani aliyoifanyia kazi kubwa ni ya Méréville, mali ya Jean-Joseph de Laborde, mwenye benki aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ufaransa. Kuanzia mwaka 1786 Robert alimbunia pale maporomoko ya maji, madaraja, mapango na hekalu lililoigwa kutoka lile la Tivoli.

Lazima niseme fedha hizo zilitoka wapi. Laborde alikuwa na mashamba makubwa ya miwa huko Saint-Domingue, nchi tunayoiita leo Haiti, na watumwa zaidi ya elfu moja. Miaka hiyohiyo pwani yetu nayo ilikuwa ndani ya biashara hiyo: mwaka 1776 Mfaransa Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, ambao kwa kawaida walipelekwa visiwa vya Mauritius na Réunion vilivyokuwa vya Ufaransa. Anayetembea katika bustani ya Méréville, na kuipenda, kama ninavyozipenda picha za mbunifu wake, apaswa kulijua hilo pia. Katika watu wote walio ndani ya picha za Robert, wale waliozilipia kwa jasho lao shambani hawamo.

Kisha historia ikaja kumchorea Robert magofu ya kwake mwenyewe. Jumba la opera la Palais-Royal liliteketea Juni 1781, naye akalichora likiwaka, halafu akachora kilichosalia. Mwaka 1786 nyumba zilizokuwa zimejengwa juu ya daraja la Notre-Dame zilibomolewa. Akachora kifusi, vumbi na vibarua. Na Julai 1789, siku chache tu baada ya wananchi kuiteka ngome ya Bastille, alikuwa chini ya kuta zake. Katika picha hiyo, ambayo sasa iko makumbusho ya Carnavalet mjini Paris, ngome imejaza karibu turubai yote, nyeusi na nzito, juu yake vijitu vinang'oa mawe na kuyatupa chini. Ndipo unapomkumbuka Piranesi. Robert alitumia lugha aliyojifunza Roma kuelezea gereza la mfalme lililokuwa likibomolewa na watu wenye majina na nyundo. Mkandarasi wa ubomoaji, Palloy, alichongesha vielelezo vidogo vya Bastille kwa mawe ya Bastille yenyewe na kuvipeleka katika mikoa yote ya nchi. Gofu lililosubiri miaka elfu kupatikana Roma lilipatikana Paris kwa wiki chache.

Oktoba 1793 wanamapinduzi walifukua makaburi ya wafalme huko Saint-Denis. Robert alilichora tukio hilo pia. Mwishoni mwa mwezi huohuo alikamatwa. Alikuwa amefanya kazi nyumba za wakubwa mno kuweza kuaminiwa. Aliwekwa Sainte-Pélagie, kisha Saint-Lazare, na karatasi zilipoadimika alichora juu ya sahani za chakula cha wafungwa. Katika wafungwa wenzake alikuwamo mshairi Roucher, ambaye Robert alimchora, na ambaye aliuawa kwa gilotini Julai 25, 1794. Laborde wa Méréville alikuwa ameshauawa Aprili. Robespierre, kiongozi wa wanamapinduzi, alipoanguka siku chache baada ya kifo cha Roucher, Robert aliachiwa, akiwa na umri wa miaka 61.

Sasa nifike kwenye picha mbili ambazo kwangu ndizo kilele cha kazi yake. Kabla ya mapinduzi Robert alikuwa ameteuliwa kuwa mmoja wa walinzi wa hazina ya picha za mfalme, na alishiriki kwa miaka mingi katika mipango ya kuigeuza Louvre kuwa makumbusho ya umma. Makumbusho hayo yalifunguliwa Agosti 10, 1793. Baada ya kutoka gerezani alirudi kuyatumikia. Tatizo kubwa lilikuwa ukumbi mrefu, Grande Galerie, wenye urefu wa zaidi ya mita 400. Madirisha yake yalikuwa ubavuni, kwa hiyo yalikula nafasi ya ukuta na kuzipiga picha kwa mng'ao unaozuia zisionekane. Mwaka 1796 Robert alionyesha pendekezo lake kwa njia anayoijua. Katika picha ya kwanza ukumbi umekamilika, mwanga unashuka kutoka madirisha ya darini, wageni wanatembea, wanafunzi wamekaa wananakili kazi za mabingwa.

Picha ya pili ina ukubwa uleule, na ni ukumbi uleule, lakini ni gofu. Dari imeanguka, mbingu iko wazi, majani yameota juu ya kuta. Mtumwa aliyechongwa na Michelangelo amelala chini kati ya vifusi. Sanamu ya Apollo imesimama nzima. Mbele yake kijana mmoja amekaa na karatasi magotini, anachora. Kando yake watu wamewasha moto.

Wachambuzi wengi huisoma picha hii kama utabiri wa maangamizi, ukitoka kwa mzee aliyetoka gerezani na kuona dola lake likivunjika. Nakubali kwamba hofu imo. Lakini tazameni mwanga. Katika picha zote mbili unashuka kutoka juu, na katika zote mbili yuko mtu aliyeketi chini yake anajifunza kwa kuchora. Jambo lile alilolitaka kwa makumbusho, Robert alikuwa amelijua tangu Roma, katika zile kumbi zilizotoboka dari ambazo jua lake lilimfundisha jinsi jiwe linavyoonekana vizuri. Mlinzi aliyelipigania jengo hili kwa miaka mingi hakuona kwamba kulichora likiwa limeanguka ni kulilaani. Aliwaza nani atakayekuwapo, na akamwachia huyo Apollo, nafasi ya kukaa, na moto wa kuota.

Picha hizo mbili ziko Louvre hadi sasa. Pendekezo la kufungua dari lilifanyiwa kazi kwa sehemu na wasanifu Percier na Fontaine kati ya mwaka 1805 na 1810. Robert, aliyefariki Aprili 15, 1808, alikuwa hai kazi hiyo ilipoanza.